Tofali Chini ya Kochi

Gauni jeupe lilipita mbele ya fremu ya ushonaji ya Dorotea likiwa ndani ya mfuko wa kijani, na pindo lake la lesi lilikuwa limechungulia nje kama mtu anayetaka kusalimia. Aliyebeba mfuko alikuwa Kashindye, mke wa Mzee Ngosha seremala, jirani yake wa miaka mingi hapa Nyakato. Alipofika usawa wa mlango aliuhamishia mfuko mkono wa pili, akaufunika kwa ncha ya khanga, akaongeza mwendo.

"Mama Elias!" Dorotea aliita kutoka nyuma ya cherehani.

"Abee, Mama Sabina! Naja, naja. Nimeacha maharage jikoni."

"Unatoka wapi na jua lote hili?"

"Hapo mjini tu, mwenzangu."

Hapo mjini tu. Wote wawili walijua maana yake ni Makoroboi, ambako magauni ya kipaimara yaliyoshonwa tayari yalikuwa yakining'inia tangu mwanzo wa mwezi, meupe, makubwa kwa madogo, kila moja na bei yake. Kashindye aliingia kichochoroni. Dorotea akabaki ameshika mkasi usio na kazi.

Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na jora zima la satini nyeupe. Mwaka jana nusu ya wasichana wa parokia waliovaa nyeupe mbele ya askofu walikuwa wamepita mikononi mwake. Mwaka huu alijiwahi: alichukua sehemu ya hela aliyoiweka kwa ajili ya kodi, akanunua jora mapema, akiamini magauni yatairudisha na kuongeza juu. Kipaimara kilikuwa kimebakiza wiki tatu. Jora halikuwa limeguswa na mkasi. Na mkataba wa fremu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Mwenye jengo, Mzee Yakobo, alikwisha kupita na mtu anayetaka kuuza simu. Wawili hao walisimama ndani wakipima ukuta kwa macho na kuzungumzia mahali pa kuweka kioo, na Dorotea akiwa ameketi palepale, kama naye ni sehemu ya rafu.

Jioni hiyo aliteremsha shata kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyekuja kuuliza kwa nini.

*

Nyumbani walikula ugali na dagaa, sahani zikiwa juu ya stuli, wao wakiwa kwenye makochi. Venant, mumewe, alikuwa ametoka zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba, na nywele zake zilikuwa bado zina harufu ya mashudu. Aliketi upande wa kushoto wa kochi kubwa kama ilivyokuwa desturi ya nyumba hiyo. Upande wa kulia ulikuwa wa wageni wepesi tu. Mguu wa kochi wa upande huo ulivunjika mwaka uleule makochi yalipoletwa kutoka duka kubwa la mjini. Ndani kumbe mlikuwa na mbao za vumbi zilizogandishwa kwa gundi, zikanyonya unyevu wa masika, zikafumuka kama mkate ndani ya chai. Tangu hapo kochi lilisimama juu ya tofali, na tofali lilifunikwa kitambaa cha mashada alichokifuma Dorotea mwenyewe.

"Mama Elias amenunua gauni Makoroboi," Dorotea alisema.

"Nimesikia."

"Umesikia wapi?"

"Kazini. Mke wa mwenzangu alikuwa naye. Walikwenda wengi, walichanga nauli."

Dorotea aliweka tonge chini. "Walikwenda kundi? Wanapita mbele yangu wote, kundi zima, na mimi nimekaa pale kama sanamu la Bikira Maria?"

"Sasa ungetaka wapitie wapi?"

"Baba Sabina, usinichekeshe. Watu wa mtaa huu hawana upendo. Wakifiwa nawashonea sanda za haraka na silali. Suruali za watoto wao nazitia viraka kwa bei ya pipi. Lakini hela nono ikipatikana, inapanda gari kwenda kwa mtu asiyewajua hata jina."

Venant alitafuna polepole. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyechoka. "Mimi naona tuirudishe hiyo fremu," alisema. "Cherehani uilete hapa barazani. Jora utaliuza kidogo kidogo. Hela ya kodi iliyobaki, uchukue uwakala wa miamala ya simu. Miamala haiendi Makoroboi."

"Miaka yote niliyokaa pale?"

"Miaka haili ugali, Mama Sabina."

Sabina, binti yao, ambaye naye alikuwa anapokea kipaimara mwaka huo, aliinua macho kutoka kwenye sahani. "Mama, langu umeshaanza?"

"Nitalianza kesho."

"Kesho hiyo ulisema tangu Jumatatu," mtoto akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

*

Asubuhi Dorotea alikwenda kwa Kashindye na chekeche aliloliazima siku nyingi. Lilikuwa kisingizio, na lilikuwa pia deni la adabu. Uani kulikuwa na karakana ya Mzee Ngosha: paa la bati juu ya nguzo, maranda hadi kwenye vifundo vya miguu, na jiko lake la kuchemshia gundi likiwa limekaa juu ya matofali mawili na jiwe moja, limeinama kidogo upande wa jiwe. Mzee mwenyewe alikuwa amekwenda Usagara kutazama mbao.

Kashindye alikuwa akipepeta mchele. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha bluu chenye tausi, na Dorotea alilitambua kabla ya kumtambua mwenye kulivaa. Mishono ile ya begani ilikuwa yake. Hakuna fundi mwingine Nyakato aliyeipinda namna ile.

"Karibu, Mama Sabina. Kaa."

"Sikai sana. Nimeleta chekeche."

"Hujaja kwa ajili ya chekeche."

Dorotea akakaa. "Haya. Nimekukosea nini, Mama Elias? Mimi na wewe tumelea watoto kwa beseni moja. Ungeniambia tu, Dorotea, punguza bei. Ningepunguza."

"Bei haikunisumbua. La mjini ni ghali kuliko lako, na nauli juu."

"Sasa?"

Kashindye aliacha kupepeta. Alishika kitenge chake kifuani kwa vidole viwili. "Hili gauni unalikumbuka?"

"Nimelishona mimi, nisilikumbuke?"

"Lilikuwa sare ya harusi ya mdogo wangu, kule Sengerema. Ndugu wote wa bibi harusi, tausi. Ulisema Ijumaa. Ijumaa ukasema njoo kesho asubuhi. Kesho asubuhi ukasema bado vifungo tu, njoo jioni. Harusi ilikuwa saa nane, Mama Sabina! Nikapanda gari na gauni langu la kanisani, la njano. Kwenye picha wako tausi watupu, na mimi pembeni, wa njano, kama mtu wa upande wa bwana harusi aliyepotea njia. Shangazi yetu akauliza mbele ya watu, huyu naye alikosa hela ya kitenge?"

Dorotea alitazama mchele.

"Ulinipa Jumatatu," Kashindye aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo maana iliuma. "Limeshonwa vizuri. Sijawahi kumwambia mtu kuwa halijashonwa vizuri. Nalipikia. Lakini mwanangu siwezi kumpeleka mbele ya askofu kwa njoo kesho. Makoroboi muuzaji hanijui, ananiita anti, maji ya kunywa hanipi. Ila gauni lilikuwepo. Nikaliona, nikalipa, nikaondoka nalo."

"Ungeniambia siku ile. Ungenigombeza."

"Wewe uliniambia?"

"Nini tena?"

"Siku makochi yenu yanakuja." Kashindye alielekeza kidole kwenye njia nje ya uzio. "Guta lililoyabeba lilinasa pale, kwenye tope. Ngosha akatoka karakana, akaweka bega, akalisukuma mpaka likatoka. Aliporudi alikuwa tope mpaka kwenye kope. Nikamuuliza, mzigo wa nani? Akasema, makochi ya Venant. Akaenda kunawa. Seremala, Mama Sabina, anasukuma makochi ya dukani yanayokwenda nyumba ya jirani yake."

Kuku walikuwa wakiparura maranda.

"Kabati letu alilianza Pasaka, akalileta Krismasi," Dorotea alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Najua. Kitanda changu mimi, mkewe, hakina ubao wa kichwani mpaka leo." Kashindye alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Tumeolewa na kesho, mwenzangu. Mimi nimeolewa nayo, na Venant ameioa."

Dorotea hakucheka. Alitoka akiwa ameshika ukingo wa khanga, na njia yote ya kurudi alikuwa akiwahesabu, si walionunua Makoroboi, bali wale aliowaambia njoo kesho. Walikuwa haohao.

*

Watu wengi wangeishia hapo: wangefunga fremu na kuuza jora. Dorotea alikaa siku mbili akiwaza kazi yake kama anavyowaza vazi lililokataa kukaa mwilini: wapi pamevuta, wapi pamelegea. Akaona sehemu mbili. Ya kwanza, hakuwahi kukataa kazi hata moja. Kila kitambaa kilichoingia alikipokea na kukiahidi siku ileile. Ya pili, alikatia vitambaa sakafuni, juu ya mkeka, amepiga magoti. Mgongo ulipochoka alisimama, na aliposimama kazi ililala.

Siku ya tatu alirudi kwa Mzee Ngosha.

"Mwangaluka, mayu," mzee alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama, bila kuacha kupiga randa.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta chekeche jingine?"

Kwa hiyo alikuwa ameambiwa yote. Dorotea alikwenda moja kwa moja kwenye shida yake. "Nataka meza ya kukatia nguo. Ndefu, inifike kiunoni. Kwa ajili ya fremu."

Randa ilisimama. "Fremu nasikia inakwenda kwa mtu wa simu."

"Umesikia vibaya. Lini itakuwa tayari?"

"Jumamosi."

"Jumamosi ipi, mzee?"

"Si hii inayokuja."

"Ya mwaka gani?"

Mzee Ngosha alimtazama. Halafu kicheko kilianzia tumboni, kikapanda hadi mabegani, maranda yakamdondoka kwenye ndevu. "Unanifundisha kazi, wewe fundi wa tausi?"

"Tumefundishana. Makochi yale mzee, sikupaswa kuyapitisha hapa."

"Mlitaka kuyapitisha wapi? Njia ni moja." Alipuliza vumbi kwenye ubao. "Sikiliza. Usinilipe. Mimi nikuchongee meza, wewe unishonee suruali mbili. Tumalizane."

"Hapana, mzee. Nitakulipa hela. Ukitaka suruali, uje fremu na hela yako. Tukibadilishana tutabaki mimi na wewe tu. Hela ikitembea, na Awuor wa samaki atauza, na yeye binti yake atataka gauni."

"Umeanza siasa."

"Sijaanza. Jumamosi?"

"Jumamosi," alisema mzee, na safari hii alilisema polepole, kama mtu anayepima urefu wake.

Alimlipa nusu papo hapo, kutoka kwenye kile kilichobaki cha kodi. Venant aliposikia alivua kofia yake ya kiwandani akaitazama ndani, kana kwamba akili ya mkewe ilikuwa imeangukia humo.

"Umenunua meza ya fremu ambayo huna?"

"Ninayo mpaka mwisho wa mwezi."

"Kwa Ngosha? Basi meza hiyo ataikalia mjukuu wako."

Jumamosi Venant hakwenda popote. Alikaa mlangoni mwa fremu na redio yake ndogo, akingojea meza isije. Saa sita hakuna. Saa tisa hakuna. "Labda amekwenda kupanda mti kwanza," alisema. Dorotea alikuwa akizungusha kanyagio za cherehani bila uzi. Jua lilikuwa limeshaegemea mawe ya mlimani pale kichochoro kilipotoa kwanza miguu minne ya meza, kisha Mzee Ngosha mbele, kisha Kashindye nyuma ameshika ncha ya pili, jasho likimtiririka.

"Jumamosi haijaisha!" mzee alipiga kelele kutoka mbali, kabla hajaulizwa.

Venant alizima redio. Aliinuka, akapokea upande wa Kashindye.

"Vanishi bado mbichi," Ngosha alisema walipoitua. "Msiiguse mpaka kesho. Hiyo kesho ni ya vanishi, si yangu mimi."

*

Jumatatu Dorotea alitundika ubao mlangoni. Aliuandika kwa chaki, na Sabina akamsahihishia mistari: *Siku tuliyopatana ndiyo siku. Nguo isipokuwa tayari, ushonaji bure.*

Wa kwanza kuusoma alikuwa Awuor, Mjaluo wa Rorya anayekaanga samaki karibu na lango la kiwanda. Aliusoma kwa sauti, mikono kiunoni, watu wakisikia.

"Yawa! Mafundi sasa mnadanganya hadi kwa maandishi."

"Nijaribu, Mama Adongo."

"Nikujaribu? Mwaka juzi ulinifunga magoli matatu kwa blauzi moja."

"Lete la nne. Nikichelewa unavaa bure."

Awuor alimtazama vizuri, kama anavyomtazama samaki kwenye mashavu kabla ya kumnunua. "Adongo wangu anapokea kipaimara na Sabina wako. Alhamisi nataka gauni. Alhamisi, si pindo, si vifungo, gauni. Na nitakuja na mashahidi."

"Alhamisi saa ngapi?"

Swali hilo lilimkatisha Awuor. Hakuna fundi aliyewahi kumuuliza. "Saa kumi," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka ngazi moja.

Siku hiyohiyo mkasi uliingia kwenye jora. Juu ya meza ya Ngosha kitambaa kilitandazika kama maji yasiyo na upepo, na Dorotea alikata amesimama wima, akashangaa jinsi mgongo wake ulivyokuwa umempunja miaka yote. Aliongeza kazi mbili ndogo, akazipa siku zake, akaikataa ya nne. Kukataa kulimwuma kama kung'oa jino, halafu kukampa usingizi.

Jumatano mchana gari dogo jeupe lilisimama nje. Aliyeteremka alikuwa Teodora, mwenyekiti wa kwaya ya mtaa wa pili, mwanamke mwenye kauli nzito na pochi nzito zaidi. Alikuwa na vitambaa vya kwaya nzima kwenye buti.

"Mama Sabina, umeniokoa kabla hujajua. Tuna tamasha Jumapili, Usagara. Fundi wetu ameugua. Magauni na mashati, watu ishirini. Nalipa nusu sasa hivi." Akafungua pochi.

Venant, aliyekuwa ameingia kuleta chakula, alitua sahani bila kuangalia anapotua. Nusu ile peke yake ingefunika kodi yote ya fremu.

"Kwa Jumapili sitaweza," Dorotea alisema. "Nina gauni la kesho saa kumi, na kazi mbili za Ijumaa. Zako naweza kuzianza Jumatatu."

"Jumatatu tamasha limepita! Anza na zangu. Hao wengine waambie waje kesho." Teodora alicheka kwa wema kabisa. "Si ndivyo mnavyofanyaga?"

Alisema kweli tupu, na ndiyo maana Dorotea alihisi uso ukimwaka hadi masikioni. Alitazama noti, akatazama gauni la Adongo lililokuwa halijatiwa mkono wa kushoto.

"Ndivyo tulivyokuwa tunafanya," alijibu. "Nikikupokea leo nitakudanganya na wewe, mama. Jumamosi utakuja hapa na gari lako, mimi nitakuwa natafuta mahali pa kujificha. Naomba uniletee kazi nyingine, uniulize siku. Nitakutajia ya kweli."

Teodora alifunga pochi. Ule mlio wa kishikizo Venant aliusikia mpaka kwenye meno. Gari liligeuza, likaondoka kuelekea mjini.

"Mke wangu," Venant alisema. Huwa hamwiti hivyo. "Awuor anauza samaki. Huyu alikuja na kodi mkononi."

"Najua."

"Na Awuor mwenyewe haamini kuwa utamaliza."

"Ndiyo maana lazima nimalize."

Venant alipindua ndoo, akaketi, akavuta vifungo vilivyotawanyika mezani. "Hivi vinashonwaje?" aliuliza kwa hasira.

*

Alhamisi Awuor alikuja kabla ya wakati, kwa makusudi, ili apate la kusema. Alikuwa na wanawake watatu wa sokoni na Adongo mwenyewe. Alikuwa ameyaandaa maneno njiani. Wenzake walikuwa tayari wameyachekea.

Gauni lilikuwa limetundikwa mlangoni, chini ya ubao, limepigwa pasi.

Awuor alilizunguka. Alipindua pindo. Alivuta kila kifungo, na kimoja alikivuta mara mbili, kile alichokishona Venant, nacho kikashika. Adongo aliingia nyuma ya pazia, akatoka mweupe, mrefu, akijitazama miguu kwa aibu.

"Yawa," Awuor alisema. Maneno aliyoyaandaa yote yalikuwa yamekosa kazi. Akageukia wenzake, akapaza sauti ile anayoitia wateja nayo zamu inapotoka kiwandani: "Mnashangaa nini? Mimi niliwaambia ni fundi! Nani alisema hatamaliza?"

"Wewe!" walimjibu kwa pamoja.

Alilipa hela kamili, akiwa anacheka, noti zina harufu ya mafuta ya sangara. Na jioni, kila aliyenunua samaki kwa Awuor alipewa pilipili, chumvi na habari ya gauni.

Sitasema kwamba mtaa mzima uligeuka. Wengi walikwisha kununua, na nguo iliyonunuliwa imenunuliwa. Lakini walikuwepo wazazi waliokuwa wakisubiri mshahara, na hao walikuja: mmoja Ijumaa, wawili Jumamosi baada ya misa ya asubuhi, na wengine wiki iliyofuata, kila mmoja akiuliza siku na kupewa saa. Robo ya jora ilibaki kwenye rafu. Kashindye naye alikuja na mfuko ule wa kijani. Gauni la mjini lilikuwa refu, binti yake alilikanyaga.

"Utanicheka?" aliuliza mlangoni.

"Nitakupunguzia. Kesho kutwa saa nne. Na utalipa."

"Bei gani?"

"Ya kila mtu."

Kashindye alitabasamu, akauweka mfuko mezani, akaupapasa ule ubao laini wa mumewe kwa kiganja kana kwamba anauona mara ya kwanza.

Mwisho wa mwezi Dorotea hakuwa na kodi ya miezi sita. Alikuwa na ya mitatu. Aliipeleka kwa Mzee Yakobo kwa mikono miwili, akasema iliyobaki ataileta lini, na akataja tarehe. Mzee Yakobo, ambaye binti wa dada yake alikuwa ameshonewa gauni kutoka kwenye jora lile, alikuna shingo. "Kwa kuwa ni wewe unayetaja tarehe," alisema, "acha mtu wa simu asubiri." Siku chache baadaye Teodora alipiga simu. Hakuomba radhi wala hakuombwa. Aliuliza tu: sare za kwaya za Krismasi, ukianza sasa, zitakuwa tayari siku gani?

*

Jumapili ya kipaimara watoto walipanga mstari hadi nje ya kanisa, na Sabina alikuwa kati yao na gauni lililomalizika siku mbili kabla, jambo ambalo halijawahi kumtokea mtoto wa fundi yeyote. Baada ya misa Venant aliwaalika akina Ngosha wali na kuku. Walijaa sebuleni. Kashindye alikaribishwa kwenye kochi kubwa, na Venant akawahi, "Upande huu, shemeji, upande huu," lakini Mzee Ngosha alikuwa amekwisha kuona.

"Kuna nini upande ule?"

"Hakuna kitu, mzee. Karibu chakula."

Ngosha hakukaribia chakula. Alipiga magoti na suruali yake mpya, iliyolipiwa fremuni kwa hela taslimu, akainua kile kitambaa cha mashada. Dorotea alitamani sakafu ipasuke. Mzee alipitisha kidole kwenye mguu uliofumuka, akabana chembe za vumbi la mbao, akazinusa, akazipuliza. Hakusema neno juu ya duka la mjini. Alitoa utepe wa kupimia mfukoni, maana hauachi hata akienda kanisani.

"Mninga," alijisemea. "Nina kipande." Kisha akalishika tofali ili alivute, na mkono wake ukasimama.

Alilivuta lote. Aliligeuza. Upande mmoja lilikuwa jeusi kwa masizi, na juu ya masizi kulikuwa na matone ya gundi, ya kahawia, yaliyokauka kama machozi ya mti.

"Hili tofali," Mzee Ngosha alisema taratibu, "ni la jiko langu."

Sebule nzima ilimgeukia Venant. Sabina alifungua mdomo akausahau wazi. Venant, baba wa familia, mfanyakazi wa kiwanda, mzazi wa mtoto aliyetoka kupokea Roho Mtakatifu saa mbili zilizopita, alitazama wali.

"Nilikuja kwako siku ile mguu ulipovunjika," alisema. "Nilitaka uje ulitengeneze. Hukuwepo. Na nilivyofikiri kwamba ndiwe uliyetusukumia guta, nikaona aibu kukungoja. Nikachukua tofali tu. Nikasema nitakuja kukuomba…"

"Lini?" Kashindye aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kuanza kucheka.

"Kesho," alisema Venant.

Kashindye alijitupa nyuma kwenye kochi, kochi likakosa tofali lake na kuinama, akateleza nalo hadi sakafuni na kuku wake mkononi, na kicheko kikawabeba wote, Mzee Ngosha akiwa amekumbatia tofali kifuani, machozi yakimtoka. "Mwaka wa ngapi huu jiko langu linachechemea! Nimewashuku watoto wa mtaa mzima!"

"Mzee, naomba utusamehe," Dorotea alisema alipopata pumzi. "Na naomba ututengenezee mguu. Wa kulipia."

"Alhamisi," alijibu Ngosha.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi, mayu. Leteni na mashahidi."

Walimaliza kula wakiwa wameketi sakafuni, kwenye mkeka uleule wa zamani wa kukatia nguo. Wageni walipoaga jua lilikuwa bado juu. Mzee Ngosha alipita katikati ya mtaa na suruali yake mpya, tofali kwapani, na kila aliyemuuliza linakokwenda alimjibu kwamba linarudi kazini.